Mali bila daftari, mchoro bila vifungo

Najua nimepotea kidogo, test zilikuwa zimepandana mpaka nikasahau hata siku ya kufua. Leo nimekaa kwenye vimbweta, chaji ya laptopu imebaki nusu, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye hoja.

Wiki mbili zilizopita niligusia kwamba kikundi chetu cha walimu watarajiwa wa hisabati tunachora vifaa vya kufundishia kwa kompyuta kabla ya kwenda field, na kwamba tunatumia FreeCAD kwa sababu ni ya bure na haiulizi leseni. Mdau mmoja akaniuliza swali zuri sana: hivi kuna ulazima gani wa kuhangaika mpaka mchoro wote ugeuke kijani, wakati programu inakubali kutengeneza umbo hata kama mistari bado ni myeupe? Mshkaji wangu mmoja wa uhandisi hapa chuoni akaongezea chumvi: "Ticha, ukishaona umbo limetoka, wewe sevu, songa mbele. Hayo ya kijani ni mbwembwe."

Mimi niko upande wa kijani, na leo nitajieleza.

Kwanza kwa wageni wa mambo haya. Kwenye programu za aina hii huchori kama unavyochora kwenye karatasi. Unaanza na mchoro bapa, mistari na maduara tu, halafu unauvuta upate unene, na hapo unapata kibao, boksi au bawaba. Mchoro bapa ndio msingi. Kila mstari unaouweka unaweza kusogea, kurefuka na kuzunguka mpaka utakapouambia usifanye hivyo. Kila unachouambia ndicho mimi nakiita kifungo (cha shati, si cha jela). Mstari huu uwe mlalo. Ncha hizi mbili zikutane. Maduara haya yalingane. Urefu huu uwe milimita 80. Kile ambacho bado kinaweza kusogea ndio uhuru uliobaki, na programu inauhesabu na kukuonyesha. Ukifika sifuri, kwa rangi za kawaida za FreeCAD, mchoro wote unageuka kijani. Wanaotumia SolidWorks wao mistari yao inaanza na bluu, ikifungwa inakuwa nyeusi.

Sasa hapa ndipo mwanahisabati anaanza kusikia utamu. Tuhesabu pamoja. Kipande cha mstari kina ncha mbili, kila ncha ina x na y, kwa hiyo kina uhuru 4. Duara lina kitovu na nusu kipenyo, uhuru 3. Chora mstatili kwa mistari minne iliyoachana: uhuru 16. Kutanisha ncha kwenye kona nne, kila kona inaondoa 2, unabaki na 8. Sema miwili ni milalo na miwili ni wima, unaondoa 4, unabaki na 4. Hizo nne ni nini? Upana, kimo, na mahali mstatili ulipo kwenye karatasi, yaani x na y. Toa vipimo viwili, weka kona moja kwenye sifuri ya majira, umemaliza: uhuru sifuri. Umeona? Ni milinganyo na herufi zisizojulikana, ile ile tunayoenda kufundisha sekondari, ila hapa ina mwili.

Na wazo lenyewe si geni. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliandika tasnifu yake pale MIT, Marekani, kuhusu programu aliyoiita Sketchpad, iliyokuwa ikiendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2. Mtu anachora kwa kalamu ya mwanga kwenye kioo, mistari imepinda kidogo, halafu anaiamuru mashine iifanye iwe sambamba au ya pembe mraba, nayo inainyoosha. Yaani tangu mwanzo kabisa kompyuta ilikuwa inaambiwa sababu ya mstari kukaa pale ulipokaa. Michoro ya vifungo na vipimo vinavyobadilika ikashika viwanda baada ya Pro/ENGINEER kutoka miaka ya mwisho ya 1980, SolidWorks ikafuata 1995, na FreeCAD ikafikia toleo la 1.0 Novemba 2024 baada ya watu kuijenga kwa zaidi ya miaka 20.

Basi tuje kwenye vitu vya kwetu. Kifaa tulichokuwa tunatengeneza ni cha kupimia urefu wa mti au jengo kwa trigonometria. Ni kibao chenye nusu duara iliyogawanywa digrii, nusu kipenyo milimita 100, na kitundu kwenye kitovu cha kufungia uzi wa timazi. Chini kuna miguu inayochomekwa kwenye matundu membamba. Michoro ikikamilika, fundi mmoja wa Keko mwenye mashine ya CNC anakata plaiwudi.

Kwenye mchoro wa kikundi chetu, upana wa yale matundu haukuandikwa mara tano. Uliandikwa mara moja kwa jina la "unene", matundu mengine yakaambiwa yalingane na la kwanza. Tukaweka 6, kwa sababu plaiwudi tuliyonunua iliuzwa kama ya milimita 6. Tulipoipima kwa venia kalipa tukakuta ni 5.4. Hakuna aliyetoa jasho. Tukabadilisha namba moja, matundu yote matano yakabana, nafasi kati yao zikabaki vile vile, kibao kikabaki na ukubwa wake. Dakika moja, faili likaenda kwa fundi.

Kikundi kingine, marafiki zetu kabisa, walikuwa na kifaa hicho hicho na umbo lao kwenye kioo lilipendeza kuliko letu. Lakini kitundu cha timazi kilikuwa kimewekwa kwa macho. Kilikuwa kwenye kitovu, ila hakuna kilichosema kwamba lazima kiwe kwenye kitovu. Faili likapita kwenye flashi nne, likafunguliwa na watu wanne, na mahali fulani katikati ya safari kipanya kikaburuta kile kitundu milimita 4 pembeni. Nani? Hajulikani, na wala si muhimu. Hakuna ujumbe uliotokea, hakuna rangi iliyobadilika, kwa sababu kwa programu hakuna kilichoharibika: kitundu kilikuwa huru, kikatumia uhuru wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ndiyo maana yake kwenye michoro.

Mnaweza kusema milimita 4 ni kitu gani bwana. Tupige hesabu. Kwenye nusu kipenyo cha milimita 100, uzi ukihama milimita 4 kwa upande, usomaji wa pembe unaweza kukosea mpaka digrii 2.3 hivi. Simama mita 20 kutoka kwenye mnazi wenye urefu wa mita 20 (urefu wa macho yako tuusahau kwa sasa). Pembe sahihi ni digrii 45. Ukisoma 47.3, jibu lako linakuwa kama mita 21.7. Mnazi umeota zaidi ya mita moja na nusu kwa sababu ya kitundu! Na mwanafunzi wa kidato cha nne atakayepata jibu hilo hatasema kifaa kibovu. Atasema yeye hajui hesabu. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba kijani ni mbwembwe.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Kijani peke yake hakikuokoi. Kuna njia za kupata kijani cha uongo, na nimeziona kwa wengi.

Ya kwanza ni kugandisha. FreeCAD ina kifungo kinachogandisha mstari pale pale ulipo, bila kuuliza sababu. Ukigandisha kila kitu, uhuru unakuwa sifuri na rangi inakuja. Lakini jaribu kubadilisha upana wa kibao uone. Hakuna kinachofuatana na mwenzake. Ni kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya past paper: namba zikibadilika, kwisha habari.

Ya pili ni kupachika vipimo kila mahali mpaka mchoro unyamaze. Unakuta kitundu kiko 27.43 kutoka ukingo wa kushoto na 27.43 kutoka kulia. Mwenye mchoro alitaka kiwe katikati, lakini hakuandika "katikati", aliandika namba ambayo leo kwa bahati inaangukia katikati. Kibao kikipanuliwa, kitundu kinabaki nyuma. Angeweka kifungo cha ulinganifu, katikati ingebaki katikati milele.

Ndiyo maana mimi huwa naanza na mahusiano, vipimo vinakuja mwisho. Chukua kibao chenye vitundu vinne vya skrubu. Maduara manne, uhuru 12. Yote yalingane, unatoa 3, zinabaki 9. Kipenyo kimoja tu kwa wote, 8. Vya juu vikae kwenye mlalo mmoja, vya chini hivyo hivyo, vya kushoto kwenye wima mmoja na vya kulia pia, 4. Kimoja na mwenzake wa kona ya mkabala viwe na ulinganifu kuzunguka sifuri ya majira, 2. Kisha vipimo viwili, umbali wa mlalo na wa wima. Sifuri. Namba tatu tu kwa vitundu vinne, na kila namba ukiulizwa unaweza kuieleza.

Halafu kuna tatizo la upande wa pili, kufunga kupita kiasi. Hapo programu inalalamika kwamba kifungo fulani ni cha ziada, au kwamba vinagombana. Watu wengi wanakereka, wanafuta kimoja kimoja kwa hasira. Mimi nawaambia huo ujumbe ni mwalimu. Nitumie pembetatu nieleweke, maana hii nimepanga kuipeleka darasani kabisa.

Pembetatu ina mistari mitatu, uhuru 12. Kutanisha kona, 6. Weka kona moja kwenye sifuri ya majira, 4. Fanya kitako kiwe mlalo, 3. Umebakiwa na 3, na hizo tatu ndizo umbo lenyewe la pembetatu. Weka urefu wa pande zote tatu: kijani. Au pande mbili na pembe iliyo kati yao: kijani. Au upande mmoja na pembe mbili: kijani. Zile kanuni za pembetatu zinazolingana, ambazo tulizikariri kwa herufi bila kujua kwa nini ni tatu, zimejitokeza zenyewe!

Sasa weka pembe tatu bila upande hata mmoja. Ya kwanza 60, sawa. Ya pili 70, sawa. Ya tatu ukiweka 50, programu inasema hiki ni cha ziada. Ukiweka 55, inasema vinagombana. Na pembetatu bado inaweza kuvutwa ikawa kubwa au ndogo, uhuru 1 umebaki. Mwanafunzi anaona kwa macho kwamba pembe ya tatu haikuleta habari mpya, maana jumla ni 180, na kwamba pembe peke yake zinakupa umbo bila kukupa ukubwa. Ningepewa somo hilo nikiwa kidato cha pili ningelala na daftari la jiometri mtoni.

Utamu zaidi: weka pembe ya digrii 30 kwenye kona ya kitako, upande unaopanda kutoka hapo milimita 100, na upande unaoitazama hiyo pembe milimita 60. Uhuru sifuri, kijani safi. Lakini kuna pembetatu mbili tofauti zinazotimiza masharti hayo, kwa sababu ile ncha ya juu iko milimita 50 kutoka kwenye kitako, na upande wa 60 unaweza kukigusa kitako mahali pawili. Programu itakupa ipi? Ile iliyo karibu na ulivyochora. Inaanzia pale ulipoweka mistari, inasogeza kidogo kidogo mpaka milinganyo yote itimie, basi. Ni kama mlinganyo wenye mzizi x mbili: sifuri ya uhuru inakuambia majibu hayatelezi, haikuambii kwamba jibu ni moja. Ndiyo maana mchoro wa kijani unaweza kupinduka ghafla ukiruka kutoka 20 hadi 200 kwa mpigo. Chora tangu mwanzo kwa sura inayokaribia unayoitaka, na ukibadilisha kipimo kikubwa nenda kwa hatua.

Nimpe haki yake mshkaji wangu wa uhandisi. Alipoisoma rasimu hii alinikumbusha kwamba wakati bado unatafuta umbo, vifungo vinakubana akili. Hilo nakubali. Nikiwa bado nacheza na wazo naacha mistari myeupe, naivuta huku na kule nione inasema nini. Kuna na michoro ya mistari ya kujipindapinda, kwa mfano nembo ya shule, yenye nukta nyingi kiasi kwamba kuzifunga zote ni kupoteza usiku. Hizo afadhali kuzigandisha na kuzikalisha peke yake, zisichanganywe na mchoro wa matundu. Lakini mchoro ukishakuwa msingi wa kitu kingine juu yake, au ukishatoka mikononi mwangu kwenda kwa mwingine, ule muda wa kucheza umekwisha. Tulibishana mpaka chai ikapoa, akakubali hapo. Kishingo upande, lakini akakubali.

Kwa wanaoanza, haya ndiyo ninayoyafanya kila siku:

Nashikiza kitu kimoja kwenye sifuri ya majira mapema kabisa, kabla mchoro haujakua. Mchoro usio na nanga unaelea wote kwa pamoja na hutajua.

Nafunga huku nachora. Kusubiri uwe na mistari arobaini ndipo uanze kutafuta ipi inateleza ni adhabu. FreeCAD ukibofya ile namba ya uhuru uliobaki inakuonyesha ni vipande gani, lakini kwenye msitu wa mistari hata kuonyeshwa hakusaidii sana.

Navuta kwa kipanya kila baada ya vifungo viwili vitatu. Kinachosogea ndicho ambacho bado sijakisema.

Kona za mviringo sizichori kwenye mchoro bapa kama naweza kuziweka baadaye kwenye umbo lenye unene. Kila kona ya mviringo ni tao, na tao lina uhuru 5.

Michoro midogo mingi, siyo mmoja mkubwa. Na vipimo muhimu navipa majina: "unene", "kipenyo_skrubu". Namba tupu haijieleze.

Mwisho kabisa nabadilisha kipimo kimoja makusudi, nakipandisha na kukishusha, naona kama kila kitu kinafuata nilivyokusudia. Kijani nakiamini baada ya hapo.

Sasa kwa nini mwalimu mtarajiwa anajisumbua na haya yote? Fikirieni faili hili linaenda wapi. Mwakani sisi tutatawanyika. Mmoja Nkasi, mwingine Tandahimba, mwingine hata hajui. Mwalimu wa huko atafungua faili letu kwenye kompyuta ya shule, plaiwudi yake itakuwa na unene mwingine, skrubu za duka lake zitakuwa za saizi nyingine, na sisi hatupo kumwambia kwamba hiki kitundu usikiguse na kile unaweza kusogeza. Mchoro wenyewe ndio utamwambia. Kama umefungwa vizuri atabadilisha namba mbili na kupata kifaa kinachopima kweli. Kama haukufungwa atapata kitu kinachofanana na kifaa, na darasa zima litapima minazi mirefu kuliko ilivyo.

Haya, chaji inaelekea ukingoni. Nawaachia zoezi la wikiendi: poligoni ya pande sita, zote zinalingana, kitovu chake kwenye sifuri ya majira. Kabla hujagusa kompyuta, andika kwenye karatasi umebakiwa na uhuru kiasi gani na utaumaliza kwa vifungo vipi. Leteni majibu kwenye maoni, na msiangaliziane.

Wikiendi njema.